Sura nne za mlinganyo wa mstari mnyoofu: utumie ipi, na lini?

Mwanafunzi wa kidato cha pili akifika kwenye mistari minyoofu hukutana na jambo ambalo hisabati haikumzoesha: swali moja linakuwa na majibu yanayoonekana tofauti, na yote ni sahihi. Kitabu nyuma kimeandika y = −(3/2)x + 8. Mwalimu ubaoni ameandika 3x + 2y = 16. Mwenzake wa dawati ameishia y − 5 = −(3/2)(x − 2) na anashikilia kwamba amepata. Wote watatu wamepata. Mstari ni ule ule mmoja, umevikwa nguo tatu, na ya nne inakuja.

Wengi ninaowafundisha jioni hapa Mombasa hawasumbuliwi na hesabu yenyewe. Kujumlisha wanajua, kutoa wanajua. Kinachowatatiza ni kwamba hawajaambiwa waanze na sura gani wakati gani. Basi baadhi yao hushika moja tu, y = mx + c, wakaenda nayo kila mahali hata pale inapowaongezea kazi. Wengine hukariri zote nne, halafu kwenye karatasi ya mtihani herufi zikawachanganyikia. Na kwa watoto wa mtaala mpya mada hii imo Gredi ya 9, kwa hiyo wazazi wameanza kuulizwa maswali haya nyumbani mapema zaidi. Nimeona ni haki sura hizi zilinganishwe kwa vipimo vile vile, kila moja ipewe nafasi yake, kisha mwenye kusoma achague.

Vipimo kwanza

Kila sura nitaiuliza mambo matano. Inahitaji upewe nini ndipo uweze kuiandika? Ukishaiandika, inakuonyesha nini kwa kuitazama tu? Kuichora kwenye karatasi ya grafu ni kazi kiasi gani? Makosa hujificha wapi? Na je, kuna mistari isiyoweza kuibeba? Baada ya hapo nitasema inamfaa nani.

Lakini tukubaliane kwanza juu ya mteremko, ambao darasani mwauita pia gradienti, kwa sababu sura mbili kati ya nne zimesimama juu yake. Mteremko ni badiliko la y ukiligawanya kwa badiliko la x. Chukua nukta A(2, 5) na B(6, −1). Kutoka A hadi B, y imetoka 5 ikafika −1, badiliko la −6. Nayo x imetoka 2 ikafika 6, badiliko la 4. Mteremko ni −6/4, yaani −3/2.

Anayeshuka kwenda kupanda feri Likoni anaujua mteremko hasi kwa miguu yake: kila hatua mbele, kimo kinapungua. Ila grafu haijali wewe unaelekea wapi. Ukianza na B badala ya A, juu unapata 5 − (−1) = 6 na chini unapata 2 − 6 = −4, na 6/−4 ni −3/2 ile ile. Kinachoharibu ni kuanza na A juu kisha kuanza na B chini. Hapo alama inageuka, na mstari uliopaswa kushuka unapanda. Nikisahihisha daftari, hili ndilo kosa ninalolitafuta kwanza, kwa kuwa likitokea hakuna sura yoyote kati ya hizi nne itakayomwokoa mtu.

Nukta hizi mbili, A na B, nitazipitisha katika kila sura.

Sura ya mteremko na mkato: y = mx + c

Herufi m ni mteremko, na c ni mahali mstari unapokata mhimili wa y, yaani thamani ya y pale x ikiwa sifuri.

*Inahitaji nini.* Ukipewa mteremko na mkato wa y, kazi imekwisha kabla ya kuanza. Lakini ni mara chache mtu kupewa vyote viwili waziwazi. Kwa kawaida unapewa nukta mbili, au nukta moja na mteremko, na c inabidi uitafute. Kwa A na B tunaujua mteremko, −3/2. Tunaiingiza nukta A: 5 = −(3/2) × 2 + c, maana yake 5 = −3 + c, hivyo c = 8. Mlinganyo ni y = −(3/2)x + 8.

*Inaonyesha nini.* Hapa ndipo sura hii inapozishinda nyingine. Inakuambia mambo mawili ambayo watu wa kawaida huyauliza kuhusu kitu chochote kinachobadilika kwa mwendo mmoja: kilianzia wapi, na kinakwenda kwa kasi gani. Tuseme dereva mmoja wa tuktuk anatoza shilingi 50 za kuanzia safari na shilingi 40 kwa kila kilomita, na mwenzake anatoza shilingi 100 za kuanzia na shilingi 30 kwa kilomita. Wa kwanza ni y = 40x + 50, wa pili ni y = 30x + 100. Huhitaji grafu kujua kwamba wa kwanza ni nafuu kwa safari fupi, maana mkato wake ni mdogo, na kwamba ukienda mbali atakuwa ghali, maana mteremko wake ni mkubwa. Wanalingana pale 40x + 50 = 30x + 100, yaani kwenye kilomita 5, na nauli ni shilingi 250.

Mfano mwingine wa kweli ni joto. Maji huganda kwenye nyuzi 0 za Selsiasi, ambazo ni 32 za Farenhaiti, na huchemka kwenye 100, ambazo ni 212. Mteremko ni 180/100, sawa na 9/5, na mkato ni 32. Kwa hiyo F = (9/5)C + 32. Siku ya nyuzi 30 hapa pwani ni 54 + 32, nyuzi 86 za Farenhaiti.

*Kuchora.* Rahisi sana mkato ukiwa nambari kamili. Kwa mstari wetu, weka nukta kwenye (0, 8), nenda kulia vipimo 2, shuka vipimo 3, weka nukta nyingine, piga rula. Lakini c ikiwa sehemu kama 17/3, nukta ya kwanza yenyewe inakuwa ya kukisia, na mstari mzima unayumba. Ikiwa c iko nje ya karatasi yako, hali ni mbaya zaidi.

*Makosa.* Kosa kubwa ni kusoma mteremko kabla y haijaachwa peke yake. Mwanafunzi anaona 2y = 3x + 8 anasema mteremko ni 3. Gawanya kila kitu kwa 2 kwanza: y = (3/2)x + 4. Kila kitu, hata ile 8.

*Isichoweza kubeba.* Mstari uliosimama wima. Mstari x = 4 hauna mteremko unaohesabika, kwa kuwa badiliko la x ni sifuri na kugawanya kwa sifuri hakuna. Mstari uliolala hauna shida: y = 7 ni y = 0x + 7.

*Inamfaa nani.* Anayelinganisha mistari miwili, anayetaka kujua kama ni sambamba (miteremko inalingana, mikato haifanani), na hasa mwanafunzi wa fizikia. Katika jaribio la betri, volteji V na mkondo I hufuata V = E − Ir, ambapo E ni volteji ya betri kabla haijatoa mkondo na r ni ukinzani wake wa ndani. Ukichora V dhidi ya I, mkato wa mhimili wima unakupa E na mteremko unakupa −r. Anayeifahamu y = mx + c anaisoma grafu hiyo moja kwa moja. Asiyeifahamu anakariri utaratibu bila kujua unatoka wapi, na hilo huniuma, kwa sababu ni elimu aliyokwisha kuilipia katika somo jingine.

Sura ya nukta na mteremko: y − y₁ = m(x − x₁)

Hapa (x₁, y₁) ni nukta yoyote unayoijua juu ya mstari. Sema "yoyote" mara mbili, maana wengi huogopa kwamba wamechagua nukta isiyofaa.

*Inahitaji nini.* Mteremko na nukta moja, basi. Kwa A: y − 5 = −(3/2)(x − 2). Kwa B: y + 1 = −(3/2)(x − 6). Hizi mbili hazifanani hata kidogo ukizitazama, lakini fungua mabano kila moja: ya kwanza inatoa y = −(3/2)x + 3 + 5, ya pili inatoa y = −(3/2)x + 9 − 1. Zote ni y = −(3/2)x + 8.

*Inaonyesha nini.* Mteremko, na nukta uliyoanzia. Haionyeshi mkato wa y, na watu huuhesabu huo kuwa udhaifu. Mimi naona mara nyingine ni nguvu. Chukua sensa. Kaunti ya Mombasa ilihesabiwa kuwa na watu 939,370 mwaka 2009, na 1,208,333 mwaka 2019. Ongezeko ni watu 268,963 kwa miaka 10, karibu 26,900 kwa mwaka. Ukitaka mstari unaopita kwenye hesabu hizo mbili, andika y − 939,370 = 26,900(x − 2009). Kila nambari hapo ina maana: tulianzia wapi, mwaka gani, na kasi ni ipi. Ukitaka kukisia mwaka 2014, x − 2009 ni 5, unaongeza 134,500, unapata takriban watu 1,074,000. (Ni makisio tu. Idadi ya watu haiongezeki kwa mstari ulionyooka, ila kati ya sensa mbili mstari unatosha kutoa picha.)

Sasa ulazimishe mlinganyo huo uwe y = mx + c. Utapata c ya karibu milioni 53, tena hasi! Eti mwaka sifuri Mombasa ilikuwa na watu hasi milioni 53. Hesabu haijakosewa, lakini nambari hiyo haina maana yoyote kwa mtu yeyote. Kila mara x ikiwa mwaka, au namba kubwa iliyo mbali na sifuri, sura ya nukta na mteremko ndiyo inayosema jambo linaloeleweka.

*Kuchora.* Ni rahisi vile vile: weka nukta yako, kisha fuata mteremko. Tena nukta uliyopewa kwa kawaida ina nambari kamili, kwa hiyo huanzi kwa kukisia.

*Makosa.* Alama ya kutoa inapokutana na nukta hasi. Kwa B(6, −1) wengi huandika y − 1, wakati inatakiwa y − (−1), yaani y + 1. Dawa ni kuandika mabano kwanza, y − (−1), hata kama unaona ni kupoteza wino, ndipo urahisishe mstari unaofuata. Kosa la pili ni kuzidisha mteremko kwa x pekee na kuiacha nambari iliyo ndani ya mabano.

*Isichoweza kubeba.* Mstari wima tena, kwa sababu ile ile.

*Inamfaa nani.* Anayepewa nukta mbili, ambaye ndiye karibu kila mtahiniwa. Na yule anayetafuta mstari unaokata mwingine kwa pembe mraba. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu swali hili hurudi sana: tafuta mstari unaoigawa AB katikati kwa pembe mraba. Nukta ya katikati ya A na B ni (4, 2). Mteremko wa AB ni −3/2, na miteremko ya mistari inayokatana kwa pembe mraba ikizidishwa hutoa −1, kwa hiyo mteremko mpya ni 2/3. Unao mteremko, unayo nukta: y − 2 = (2/3)(x − 4). Zidisha kila upande kwa 3: 3y − 6 = 2x − 8, na hatimaye 2x − 3y − 2 = 0. Jaribu (4, 2): 8 − 6 − 2 ni 0. Umepata. Hakuna pahali ulipohitaji kuitafuta c.

Ukifika kidato cha nne, mstari unaogusa mkunjo kwenye nukta moja hutafutwa hivi hivi. Mkunjo y = x² + x kwenye x = 1 una y = 2, na mteremko wa pale ni 2x + 1 = 3. Andika y − 2 = 3(x − 1), ambayo ni y = 3x − 1.

Sura ya jumla: ax + by = c, au ax + by + c = 0

Hizi ni ndugu wawili, tofauti ni upande gani nambari iliyo peke yake imekaa. Wafundishaji wa Marekani hupendelea ya kwanza. Mitihani yetu mara nyingi huomba ya pili, na huongeza sharti kwamba a, b na c ziwe nambari kamili.

*Inahitaji nini.* Kwa nukta mbili, hutaanzia hapa kwa kawaida, utafika hapa. Kutoka y = −(3/2)x + 8, zidisha kwa 2: 2y = −3x + 16. Sogeza: 3x + 2y = 16, au 3x + 2y − 16 = 0. Lakini kwa hadithi za maisha, mara nyingi sura hii ndiyo inayokuja yenyewe mdomoni. Mama anataka kununua mahamri ya shilingi 10 na viazi karai vya shilingi 15, na ana shilingi 600 za kutumia zote. Mahamri x, viazi y: 10x + 15y = 600. Umeandika kama ulivyosikia, bila kutafuta mteremko wowote. Ukianza kwa kulazimisha y = mx + c hapo, unaharibu maneno yaliyokuwa wazi.

*Inaonyesha nini.* Kwa kutazama tu, si mengi. Mteremko umefichwa: ni −a/b. Lakini mikato yote miwili iko karibu sana. Weka x = 0 katika mfano wa mama, y ni 40. Weka y = 0, x ni 60. Viazi pekee 40, mahamri pekee 60, na kila kilicho katikati ni mchanganyiko.

*Kuchora.* Kwa mikato miwili hiyo, nukta mbili zinapatikana kwa sekunde chache. Mikato ikiwa sehemu, kama 16/3 ya mstari wetu wa A na B, afadhali utafute nukta nyingine zenye nambari kamili.

*Makosa.* Kusahau alama ya hasi katika −a/b. Mwanafunzi anaona 3x + 2y = 16 anasema mteremko ni 3/2. Ukiwa na shaka, iache y peke yake na uutazame. Kosa jingine ni kuzidisha ili kuondoa sehemu, ukaisahau nambari iliyo peke yake.

*Isichoweza kubeba.* Hakuna. Mstari wima, x = 4, ni 1x + 0y = 4. Mstari uliolala, y = 7, ni 0x + 1y = 7. Mstari unaopita kwenye (0, 0) una sifuri upande wa pili. Kati ya sura nne, hii pekee inabeba kila mstari ulionyooka duniani, na kwa maoni yangu sifa hiyo haitajwi vya kutosha madarasani.

*Inamfaa nani.* Anayetatua milinganyo miwili kwa pamoja, iwe kwa kuondoa herufi moja au kwa matrisi. Tuseme mama yule yule ametaka jumla ya vipande 50: x + y = 50. Ukiichukua pamoja na 10x + 15y = 600, zidisha ya kwanza kwa 10 uitoe: 5y = 100, y = 20, x = 30. Mahamri 30, viazi 20, shilingi 300 na shilingi 300. Inamfaa pia wa kidato cha nne anayechora mistari ya masharti na kutia kivuli upande usiotakiwa, maana masharti yenyewe huja hivyo: bei mara idadi, jumlisha bei mara idadi, isizidi kiasi fulani. Na anayependa kwenda mbele zaidi atakuta kwamba umbali wa nukta (p, q) hadi mstari huhesabiwa kwa ap + bq + c, ukiondoa alama ya hasi kama ipo, ukagawanya kwa kipeuo cha pili cha a² + b². Kanuni hiyo inaidai sura ya jumla.

Sura ya mikato miwili: x/a + y/b = 1

Nitakuwa mfupi hapa, kwa sababu sura hii ina kazi moja na inaifanya vizuri. Herufi a ni mahali mstari unapokata mhimili wa x, b ni mahali unapokata mhimili wa y. Unahitaji mikato yote miwili, na ukiwa nayo unaiandika na kuichora papo hapo.

Nyumba nyingi za Mombasa zina tangi kwa kuwa maji ya mfereji hayatoki kila siku. Tuseme tangi la lita 5,000 limejaa leo na kwa matumizi yenu litakauka siku ya 20. Andika x/20 + y/5000 = 1. Kuna nini zaidi cha kutafuta? Ukitaka kujua siku ya 8 zitabaki lita ngapi: 8/20 ni 0.4, kwa hiyo y/5000 ni 0.6, lita 3,000. Hata mfano wa mama ukigawanywa wote kwa 600 unakuwa x/60 + y/40 = 1, na mikato imekaa wazi chini ya herufi zake.

Kwa mstari wetu wa A na B, hata hivyo, sura hii haipendezi: mikato ni 16/3 na 8, na unaishia na sehemu ndani ya sehemu. Inakataa mistari mingi pia. Mstari wima haiwezi, uliolala haiwezi, na unaopita kwenye (0, 0) haiwezi, maana a na b zingekuwa sifuri na huwezi kugawanya kwa sifuri. Mteremko wake ni −b/a, na hapo wengi huugeuza juu chini. Inamfaa aliyepewa mikato, na aliyeona grafu iliyochorwa tayari ikikata mihimili yote miwili kwenye nambari kamili.

Herufi zile zile, kazi tofauti

Jambo hili linawapoteza wanafunzi wengi kuliko hesabu. Herufi c katika y = mx + c ni mkato wa y. Katika ax + by + c = 0 si mkato wa chochote. Katika 3x + 2y − 16 = 0, c ni −16, ilhali mkato wa y ni 8. Vivyo hivyo a na b za sura ya jumla ni nambari zilizoandamana na x na y, wakati a na b za mikato miwili ni mikato yenyewe.

Na kwa wale wanaojifunza kwa video za intaneti: mwalimu wa Marekani ataandika y = mx + b, na b yake ndiyo c yetu. Ukikuta somo kutoka Sweden, huko wanaandika y = kx + m, ambapo m ndiyo mkato! Hakuna aliyekosea. Herufi ni makubaliano tu. Wafaransa wawili, Descartes na Fermat, ndio waliofungua njia ya kuandika mistari kwa milinganyo, na kazi ya Descartes ilichapishwa mwaka 1637, lakini kila nchi ilijichagulia herufi zake. Ndiyo maana nawasihi wanafunzi wakariri nafasi na kazi ya kila nambari kabla ya kukariri herufi: nambari inayozidisha x baada ya y kuachwa peke yake ni mteremko, iitwe m au k.

Kwa hali yako

Umepewa nukta mbili na swali halijataja sura: tafuta mteremko, andika nukta na mteremko, kisha malizia kwa y = mx + c kwa sababu ndiyo rahisi kwa msahihishaji na kwako kuhakiki. Iingize nukta ya pili uone kama inakubali.

Swali limetaja sura ya jibu: fanya kazi kwa sura unayoiweza, lakini hatua ya mwisho iwe ile iliyotajwa. Katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari hapa Kenya, hupewa alama za njia na alama za jibu, na ni uchungu kuipata njia yote ukapoteza alama ya mwisho kwa kuacha sehemu mahali palipoombwa nambari kamili.

Umepewa mstari mmoja na kuombwa ulio sambamba nao au unaokatana nao kwa pembe mraba: geuza ule uliopewa uwe y = mx + c ili uusome mteremko, kisha uhamie nukta na mteremko kwa ule mpya. Sura mbili katika swali moja, na hilo ni sawa kabisa.

Nukta zako zina x inayofanana, kama (4, 1) na (4, 9): usihangaike na mteremko. Andika x = 4 uendelee na swali linalofuata.

Una maneno ya bei na idadi, au masharti mawili ya kutatuliwa pamoja: sura ya jumla, tangu mwanzo hadi mwisho.

Una matokeo ya jaribio la fizikia: y = mx + c, na uandike vipimo vya m na c pembeni, volti, ampea, sekunde au chochote kile.

Una miaka, au nambari zilizo mbali na sifuri: nukta na mteremko, na uiache hivyo hivyo bila kufungua mabano.

Una mikato miwili mkononi: x/a + y/b = 1, halafu zidisha kuondoa sehemu kama swali limeomba sura ya jumla.

Na kama wewe ni mzazi unayemsaidia mtoto na jibu lake halifanani na la kitabu, usilikate kwanza. Chukua x = 0 katika yote mawili, kisha x = 2. Majibu ya y yakilingana mara zote mbili, mtoto amepata.